Mwandishi Asiye Ndugu

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini nilikuwa karani wa kituo cha masomo pale Nchelenge. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa Lusaka, mwendo wa mchana mzima na usiku kwa basi, na wanafunzi wetu walikuwa watu wazima wenye kazi zao: walimu, manesi, makarani wa boma, na askari polisi mmoja aliyesoma sheria miaka minne bila kufaulu hata somo moja. Masomo yalikuja kwa posta, na majibu yao yakarudi kwa posta. Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, mitihani ilifika ndani ya bahasha zilizofungwa kwa lakiri, nami nikaipeleka kituo cha polisi ikae kwenye sefu hadi siku yake. Niliipenda kazi hiyo, na sioni haya kusema kwamba nilipenda kanuni. Mama yangu ni wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, baba wa upande huu, na nyumbani kwetu kila jambo lilijadiliwa kwa sauti kubwa na hakuna lililoamuliwa. Karatasi yenye mistari ya kujaza ilinituliza roho.

Mwaka mmoja akaja ofisini mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kabuta, mtu wa miaka arobaini na kitu, mkewe amemshika kiwiko. Ilikuwa presha ya macho. Kwanza aliacha kuona ubao, halafu daftari, halafu nyuso za watu. Siku ile alipoingia kwangu aliona mwanga wa dirisha tu, akausalimia akidhani nimekaa upande huo. Mkewe akamgeuza polepole.

Shida yake aliieleza vizuri, kama mwalimu. Alikuwa ameambiwa kwamba mwaka ukiisha atastaafishwa kwa sababu ya afya na atatoka kwenye nyumba ya shule, yeye na watoto wake watano. Njia ilikuwa moja. Alikuwa akisoma kwetu stashahada ya kufundisha watoto wenye ulemavu, na ilibaki mitihani miwili. Akiifaulu, kulikuwa na nafasi anayowekewa katika shule ya watoto wasioona. Akiikosa mwaka ule, nafasi ingeenda kwa mwingine.

Mkewe alikuwa mtu wa ng'ambo kama mama yangu, na nyumbani kwao walisema Kiswahili cha ziwani, basi nasi tukaongea hicho.

"Ba karani, mi sitaki huruma," mwalimu alisema. "Minataka mutu wa kunisomea maulizo na mutu wa kuniandikia majibu. Kichwa iko, ni macho tu inaenda."

Sikuwahi kupata ombi la namna hiyo. Nilipekua kitabu cha kanuni, nikakuta ukurasa mmoja kuhusu watahiniwa wenye ulemavu, safi kabisa, haujawahi kuguswa na kidole cha mtu. Nikaandika Lusaka kuomba vyote vilivyotajwa: msomaji, mwandishi, chumba cha peke yake na dakika kumi na tano za nyongeza kwa kila saa. Baada ya wiki tano wakajibu kwamba wamekubali vyote. Msomaji ningekuwa mimi. Mwandishi tulitakiwa kumtafuta wenyewe: awe amemaliza kidato cha mwisho, mwandiko wake usomeke, asiwe mwalimu wa somo lile, na asiwe ndugu wa mtahiniwa. Alitakiwa kujaza fomu na kuitia sahihi, kisha fomu irudi Lusaka ikathibitishwe.

Nilidhani hiyo ni kazi ya siku mbili. Najiona mjinga hata leo, maana nimekulia hapohapo.

Nilianza na nesi mmoja wa zahanati, mwandiko wake mzuri kama wa kitabu. Nikamuuliza kama anamfahamu mwalimu. "Ule? Ule ni mutoto wangu!" akasema, na yeye alikuwa mdogo kwa mwalimu kwa miaka kumi na tano. Karani wa mahakama alikuwa kaka yake. Mwinjilisti alikuwa shemeji yake mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Mwenye duka la vifaa vya shule hakujua hasa udugu wao unapita wapi, lakini alikuwa na hakika upo, na alichukizwa kwamba nimeuliza. Kwetu ukoo unafuata mama, unavuka ziwa, unaingia visiwa vya Kilwa na Chisenga na kurudi. Kumkana ndugu mbele ya karatasi ya serikali ni tusi ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulitoa, hasa kwa mtu aliyepofuka.

Mwishowe nikachoka, nikampa nesi fomu. Palipoulizwa kama ana uhusiano na mtahiniwa akajaza mistari yote mitatu kwa fahari, akamalizia pembeni, na kuongeza ukoo wa bibi yake. Nikaituma hivyohivyo. Nilijiambia kwamba mtu mwenye akili huko Lusaka ataona ni udugu wa mbali. Ikarudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Wiki tatu zimepotea, imebaki mwezi na siku chache. Siku hiyo nilimgombeza mhudumu wa posta, nikamgombeza nesi, nikafika nyumbani nikaigombeza sufuria.

Mama alikuwa akichambua dagaa wa maji yetu, wale wadogo tunaowaita chisense. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mutoto wangu, unasoma sana lakini akili iko wapi?" alisema. "Unatafuta mutu ambaye haiko ndugu yake. Si ni munungwe wake?"

Munungwe ni mtani. Koo zetu zina utani wa mbili mbili, na mwalimu alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Mbuzi watani wao ni Chui. Chui na Mbuzi hawawezi kuwa ukoo mmoja hata dunia igeuke. Wanatukanana barabarani, wanacheka, na hakuna anayekasirika. Nilikaa chini palepale nikamsaidia mama dagaa, kwa aibu.

Chui niliyemtafuta alifanya kazi ya kuandika samaki. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, na kila asubuhi alizunguka mialo kwa baiskeli ya idara ya uvuvi akipima mitumbwi inapoteremsha na kuandika: samaki waitwao pale na breki, kambale, kilo ngapi, nyavu za tundu gani. Wavuvi walimdanganya kila siku, na kila siku aliandika kile mizani ilichosema. Nilimkuta ufukweni kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilipomtajia mwalimu wa Kabuta akaangua kicheko hadi wachuuzi wa Kikongo wakageuka.

"Ule Mbuzi? Bon, sawa, nitamuandikia. Na nitaandika makosa yake yote, hata moja sitaacha!"

Fomu yake alijaza kwa neno moja tu, Hapana. Lusaka wakaithibitisha.

Tulifanya mazoezi Jumamosi tatu, ofisini kwangu. Kusema jibu si sawa na kuliandika, na mwalimu alipata tabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea mezani wenyewe, kama umeshika chaki. Angetamka sentensi ndefu, katikati akasahau mwanzo, akataka irudiwe. Kanuni ilisema mwandishi aandike alichoambiwa na si zaidi. Asirekebishe, asitikise kichwa, asigune. Yeye aliifuata kwa furaha ya mtani. Mwalimu akikosea tarehe ya jambo fulani, aliiandika ilivyo, kisha mazoezi yakiisha akamsomea kosa lake mara mbili.

"Mbuzi, hapa unasema kintu cha bure kabisa. Minaiandika vizuri, batu ba Lusaka bakaione."

"Chui, mwandiko yako sioni, lakini minasikia kalamu inalia. Unaitesa."

Mkewe angecheka hadi kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nyumbani ni yeye aliyemsomea vitabu, neno kwa neno, Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri, naye mumewe akimwambia maana yake. Mimi nilisoma sura nzima kwenye kaseti, na betri zilipoishiwa nguvu walizianika juani kwenye ungo ili zipate nguvu kidogo. Sauti yangu ilitoka nzito na ya polepole, mwalimu akasema hiyo ndiyo sauti inayonifaa. Nilikuwa nimeanza kuwapenda watu wale watatu, na mimi si mtu wa kupenda haraka.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Jumanne, ukaenda vizuri. Wa pili, ule mkubwa, ulikuwa Alhamisi saa nane mchana.

Jumatano mchana ikaja habari kutoka Kabuta. Mjomba wa mwalimu, kaka wa mama yake, amefariki.

Kwetu mjomba si mtu wa kwenda kumzika na kurudi kazini. Mwalimu alikuwa mpwa mkubwa, ndiye aliyetakiwa kurithi jina lake, kukaa mbele ya wafiwa na kupokea kila anayekuja. Maziko yalipangwa Alhamisi alasiri. Mkewe alituma neno kupitia mchuuzi wa samaki: mwalimu anashukuru, lakini mtihani hatakuja.

Nilikwenda posta kupiga simu Lusaka. Nilisubiri saa nzima, nikapata mtu mpole akanipa pole na kuniambia kwamba mtihani unafunguliwa nchi nzima kwa wakati mmoja, hausogezwi. Mfiwa anaruhusiwa kuomba kuufanya mwaka ujao. Nilimwambia kwamba mwaka ujao mtu huyu hatakuwa na kazi wala nyumba. Akasema anaelewa. Nilitamani kumrushia ile simu.

Ndipo nikakumbuka jambo lingine, baya zaidi. Watani ndio wanaozika. Mbuzi akifa, Chui wanachimba kaburi, Chui wanaubeba mwili, Chui wanafukia. Katika kutafuta mtu asiye ndugu nilikuwa nimemchagua mtu wa kwanza kuitwa msibani. Karatasi yangu ilikuwa imekamilika kila mstari, na sikuwa na mtahiniwa wala mwandishi.

Alhamisi asubuhi nikapanda lori tupu la samaki hadi Kabuta. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya marehemu, ameshika mikono ya watu mmoja mmoja, akimtambua kila mtu kwa sauti na kumtaja jina. Hakulia. Mpwa anayerithi hakai kulia, anakaa kupokea. Mama yake alikuwa ndani, pembeni ya mwili, pamoja na wanawake wengine. Nilimpa mwalimu mkono.

"Ba karani. Unakuya kunilia mujomba," akasema.

"Ndiyo, ba mwalimu," nikasema, na nilikuwa muongo. Nilikwenda kukaa na wanawake wenzangu nikiwa na hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani.

Chui walifika saa tatu, wanane hivi, na majembe. Mwandishi wetu alikuwa mbele na baiskeli ya idara. Waliingia kama wanavyoingia watani: mmoja amevaa koti nje ndani, mwingine anachechemea kama marehemu alivyochechemea, wanawaambia waliaji wanyamaze maana mzee huyu alikuwa mchoyo wa tumbaku. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wakaenda kaburini, wakachimba muda, baadhi wakarudi. Wakaanza kukamata vitu, ndiyo haki yao. Huyu kachukua kigoda, yule chungu, na ukitaka kukirudisha lazima uwakomboe kwa chochote.

Mwandishi wetu akapita katikati ya mkeka, akamshika mwalimu mkono, akamwinua.

"Huyu minamubeba," alisema kwa sauti ya kusikika kote. "Ni nyama yangu."

Chungu sawa, kigoda sawa. Hakuna aliyewahi kuona mtani akimkamata mrithi.

"Na maziko?" mzee mmoja akauliza.

"Maziko ya nani? Kaburi iko ya nani? Bandugu yangu banachoka, banaikaa chini. Itaisha kesho asubuhi."

Nilitazama kwenye njia ya makaburini. Kweli, wanaume wa Chui walikuwa wameketi kwenye kichuguu, majembe yamelala, mmoja anakula muhogo. Hakuna Mbuzi anayeweza kumchimbia Mbuzi mwenzake kaburi. Basi watu wote wakageukia mlango wa nyumba, maana mwenye neno alikuwa mmoja tu. Mama wa mwalimu akatoka, mdogo, ameinama, kitambaa kichwani. Alikuwa akimlilia kaka yake wa pekee. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama mwanawe.

"Chui akikamata Mbuzi," akasema, "mama ya Mbuzi atasema nini?" Akajifunika uso akarudi ndani.

Walimkalisha mwalimu kwenye keria ya baiskeli, mahali pa kapu la samaki. Yule mwanamke akapiga pedali, watu wanashangilia na kulia kwa pamoja. Mimi niliazima baiskeli isiyo na breki nikawafuata. Njia ya Kabuta ina mchanga, na kwenye mchanga alishuka akasukuma, mwalimu amekaa amemshika kiuno, suti yake ya msiba imejaa vumbi. Njia nzima sikusikia utani hata mmoja.

Tulifika saa nane kasorobo. Nilimpa maji, nikafungua bahasha mbele ya mkuu wa wasimamizi, tukaingia chumba chetu. Nilisoma maswali yote mara moja, kisha la kwanza peke yake, kama tulivyozoea. Mkono wa mwalimu ulitembea mezani kwanza. Halafu akaanza, kwa Kiingereza chake kizuri cha darasani, na kalamu ikaanza kukimbia.

Kwa muda wa saa tatu na dakika arobaini na tano alisema na yule mwanamke akaandika. Katikati ya swali la tatu, lililohusu namna ya kumfundisha mtoto kuzitambua sura za watu kwa mikono, mwalimu akakatiza jibu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mujomba yangu, sikumufunga macho."

Kalamu ikasita. Kanuni ilisema mwandishi aandike kila neno la mtahiniwa. Ilisema pia kwamba maongezi yoyote nje ya majibu yaandikwe katika ripoti ya msimamizi, na msimamizi wa chumba kile nilikuwa mimi. Yule mwanamke hakuandika. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mwalimu, ule wa kulia, akakiacha hapo hadi mwalimu alipoendelea na jibu. Ripoti yangu ilisema kwamba hakuna jambo lililotokea. Nimeandika ripoti nyingi za kweli maishani mwangu na hiyo ndiyo ya uongo, na sijutii.

Yule mwanamke alimrudisha msibani jioni ileile, na ndugu zake wakamkomboa kwa jogoo. Ijumaa asubuhi mjomba akazikwa. Mwalimu alisimama wima, akavishwa alichopaswa kuvishwa, akajibu kila salamu. Watu walimsifu kwa uthabiti wake. Jumatatu alikuwa shuleni akikusanya vitu vyake, maana hakujua kama atabaki.

Majibu yalifika mwishoni mwa mwezi wa pili. Uvuvi ulikuwa bado umefungwa, samaki wanazaa, na mialo yote njiani ilikuwa tupu, mitumbwi imefunikwa chini juu. Nilikwenda Kabuta na barua mfukoni, nikiendesha kwa kasi kama kichaa. Nilimkuta mwalimu ameketi barazani mwa nyumba ya shule, ambayo walikuwa bado hawajamtoa, mkewe anapepeta mihogo iliyotwangwa.

"Ba mwalimu, iko barua."

"Soma."

Nikasoma. Amefaulu yote miwili. Ule wa Alhamisi amefaulu kwa alama nzuri kuliko wa Jumanne. Nafasi ni yake, aripoti muhula ujao.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole, kwa ile sauti ya kaseti. Mkewe alikuwa ameangusha ungo na kushika mdomo. Nilingoja mwalimu acheke. Badala yake mwalimu aliinama, akaweka paji la uso juu ya magoti, akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha msiba, na mtu aliyekulia kwetu hakosei kukitambua. Alimwita mjomba wake kwa majina yake yote, la utotoni, la ubatizo na la ukoo. Tangu Novemba hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Sisi tuliomsumbukia dakika arobaini na tano za nyongeza, hakuna kati yetu aliyeliona hilo, na mimi mwenye vitabu vyote vya kanuni niliona aibu kuliko wote.

Kilio kikasikika. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja mbio, vitenge wamevifunga kiunoni, mmoja bado ana unga mikononi.

"Ni nani?" wakauliza. "Nani anakufa?"

Mkewe alikuwa ameshapiga magoti karibu yake.

"Ni mujomba," akasema.

Walijua mjomba amezikwa miezi mitatu iliyopita, walikuwepo wote. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mmoja akaenda kuleta mkeka, wakaketi, wakaanza kulia pamoja naye, nami nikaiweka barua chini nikaketi nao.